Herufi Mbili za Wino Mwekundu

Wakili alikigeuza cheti cha kuzaliwa upande wa nyuma, akakirudisha upande wa mbele, kisha akaweka kidole pembeni, penye herufi mbili za wino mwekundu.

"Baba, nani ametia alama hii?"

"Ni mimi," alijibu mzee, akakaa wima zaidi kitini. "Karani wa kule alikosea mwaka. Nimelikata kosa kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, nimeandika mwaka ulio sahihi juu yake, nikatia herufi za jina langu na tarehe. Sikuficha kitu."

Alisema hayo kama mtu anayengoja kupongezwa. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kupiga chapa, na hakikutoka humo kitabu cha shule, kalenda wala kadi ya harusi ambayo hakuwa ameipitia neno kwa neno, rula ikiwa chini ya mstari. Katika kazi ile, mtu aliyesahihisha bila kuandika herufi za jina lake alihesabiwa mwoga. Sahihisho lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliulizwa.

Mkewe, aliyeketi kando yake na mkoba magotini, aliguna. "Mwanangu, hujamjua huyu. Baba yangu alipomjibu barua ya posa, jibu lilirudi kwetu na alama nyekundu. Nusura nisiolewe."

Wakili hakucheka. Alikuwa mwanamke wa makamo, na watu waliongoja kwenye benchi la nje walimwita Mama Vifungu, kwa sababu alizijua sheria za uhamiaji kifungu kwa kifungu kama mtu ajuavyo vidole vyake. Ofisi yake ya msaada wa sheria ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu, na mafaili yalikuwa yamepangwa hadi dirishani.

"Baba, hii ni hati ya serikali," alisema. "Hata kosa lililomo ni mali ya serikali. Ukiligusa, wanaita kughushi."

"Kughushi ni kuandika uongo. Mimi nimeandika ukweli."

"Najua. Sasa tazama kama anavyotazama afisa wa uhamiaji."

Akamweleza polepole. Mjukuu wao alikuwa mikononi mwao tangu binti yao alipofariki. Mahakama iliwapa ulezi, nao waliingia nchi hii wakiwa wamembeba mgongoni. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita, na sasa walikuwa wanaomba uraia, wote watatu kwa pamoja. Mtoto huingizwa katika ombi la walezi wake akiwa hajatimiza miaka kumi na minane. Kwa mwaka wa kweli, mjukuu huyo alibakiwa na wiki saba. Kwa mwaka ulioandikwa na karani, alikwisha kuvuka mwaka jana.

"Kwa hiyo wataona babu mmoja amechukua kalamu, akampunguzia mjukuu mwaka mmoja, na mwaka wenyewe ndio ule ule anaouhitaji."

"Na akitolewa kwenye ombi?" aliuliza mke.

"Ataanza upya peke yake, kama mgeni mtu mzima. Wanaweza hata kumwambia arudi kwao."

"Kwao wapi? Huyo kwao anakujua kwa hadithi zangu tu!"

Wakili alivuta karatasi safi. Kukisahihisha cheti huko kilikotolewa kungechukua miezi, nayo haikuwapo. Lakini hospitali alikozaliwa mjukuu ilikuwa na daftari la vizazi, na ukurasa wake, ukigongwa muhuri, ungetosha kuthibitisha mwaka. Kilichobaki ni ile alama. Mtu aliyeitia angepaswa kula kiapo kwa maandishi na kueleza alivyoitia.

"Hapo ndipo penye mwiba, baba. Sheria inadai mwombaji awe na tabia njema. Ukikiri, ombi la mama na mtoto nitalitenga na lako, nao wanaweza kupita. Wewe wanaweza kukuweka kando. Una miaka sabini na mmoja. Nenda ukafikiri."

"Nimekwisha kufikiri," alisema mzee.

"Nenda nyumbani hata hivyo."

Nyumbani walimkuta shemeji yake, ndugu wa mke, fundi wa friji mwenye mdomo usiopumzika. Alisikiliza habari yote huku akitingisha kichwa.

"Shemeji, shule imekuharibu. Herufi mbili tu! Sema cheti kilikuja hivyo hivyo kutoka kwao. Nani atafunga safari kwenda kumtafuta karani?"

"Herufi ni zangu."

"Makarani wote duniani hakuna mwenye herufi kama hizo?"

"Wako wengi. Wewe unataka nimsingizie yupi?"

Shemeji alimgeukia dada yake. "Mwambie mumeo. Miaka kumi na sita anapanga foleni, leo amefika dirishani anataka kujichongea mwenyewe."

Mjukuu, aliyekuwa akipiga pasi sare ya shule, aliiegesha pasi akasogea. "Babu, mimi naweza kuanza upya. Bado ni kijana. Wewe ndiye huna muda wa kupoteza."

"Unanizika mapema."

"Sikuziki. Nakuhesabia."

"Basi uhesabu vizuri. Alama niliitia mimi. Ikikuangukia wewe, nitakutazamaje mezani asubuhi?"

Binti alirudi kwenye pasi yake. Bibi yake alikwenda kusimama karibu naye, akaishika ile sare upande wa pili ili isikunjike.

Siku ya pili mzee alipanda tena ngazi za Mama Vifungu, mkewe akimfuata. Wakili aliandika rasimu ya kiapo, akamsomea. Alipofika katikati, mzee aliinua mkono.

"Hapo umesema nilifanya 'kwa bahati mbaya'."

"Ndiyo, baba. Inalainisha."

"Ondoa. Nilikaa mezani, nikavaa miwani, nikachagua kalamu. Haikuwa bahati mbaya."

"Basi niseme 'kwa kutojua sheria'?"

Mzee alifikiri. "Hilo ni kweli. Liache, ingawa linaniuma."

Rasimu ilibadilishwa mara nne. Mara ya nne wakili aliuma kalamu, akasema kwamba katika miaka yake yote ofisini humo hajapata kumwona mteja anayemzuia wakili asimtetee. Mke alimjibu kwamba huo ni mwanzo tu. Mzee alikula kiapo akiwa amesimama, ingawa aliambiwa angeweza kukaa.

Ukurasa wa daftari la hospitali ulifika wiki ya nne. Muuguzi mkuu wa kule alikuwa ameutafuta kwa mkono wake katika stoo ya mafaili, akautolea nakala na kuigonga muhuri. Siku, mwezi, mwaka, uzito wa mtoto, jina la mama: kila kitu kilikuwa mahali pake. Wakili aliwasilisha maombi mawili siku hiyo hiyo, moja la mke na mjukuu, moja la mzee. Kabla ya siku ya kuzaliwa ya binti zilibaki wiki tatu hivi.

Walipoitwa kwenye mahojiano, wakili akiwa nao, afisa alikuwa kijana mwenye tai iliyonyooka, na meza yake haikuwa na kitu ila faili lao. Alisoma kiapo kimya, mpaka mwisho. Kisha akarudi mwanzo, akasoma tena.

"Mzee, unaelewa kwamba ulichokifanya ni kosa?"

"Ninaelewa sasa. Mwaka nilioandika ni wa kweli, lakini sikuwa na mamlaka ya kuuandika."

"Ungenyamaza, pengine nisingejua alama ni ya nani."

"Ndiyo. Lakini ungemshuku mtoto."

Afisa aliuweka ukurasa wa hospitali kando ya cheti, akalinganisha, akaanza kujaza fomu. Mzee alitazama kalamu ikitembea, na ghafla mkewe aliona vidole vyake vikijikunja juu ya goti. Aliijua dalili hiyo. Akamkanyaga kidogo mguuni. Mzee hakujizuia kusema, lakini mikono yake haikuondoka magotini.

"Bwana afisa, kwa ruhusa yako. Umeandika mwezi uliopita."

Afisa alitazama fomu. Wakili alifumba macho. Mjukuu aliuma mdomo.

"Kweli," alisema afisa. Akakata, akaandika mwezi unaostahili, na baada ya kusita kidogo akatia herufi zake pembeni. "Imekaa sawa sasa?"

"Imekaa sawa kabisa."

Majibu yalitoka kwa barua mbili. Ya kwanza ilisema kwamba umri wa binti umethibitishwa, na kwamba yeye na bibi yake wamekubaliwa. Ya pili ilikuwa fupi: ombi la mzee limewekwa kando kwa miaka miwili, na baada ya hapo anaweza kuomba tena. Mzee aliisoma kwa sauti, yote, pamoja na anwani. Tangu hapo shemeji hakulitaja tena jambo la karani.

Siku ya kiapo cha uraia ukumbi ulijaa. Mlinzi wa mlango, alipomwona mzee na suti yake ya kijivu, alimwelekeza viti vya mbele.

"Wanaoapa wanakaa kule, mzee wangu."

"Mimi si wa leo. Nimewaleta wangu wawili."

Alikaa nyuma pamoja na wageni. Mjukuu wake alipoitwa, alitembea hadi mbele bila haraka, akainua mkono, akayasema maneno yote bila kutazama karatasi, na sauti yake ilifika hadi ukutani. Mama mmoja aliyekaa karibu na mzee alimnong'oneza, "Binti wa nani yule anayesema vizuri hivyo?"

"Wangu," alisema mzee, kwa sauti kubwa kuliko ilivyoruhusiwa ukumbini, na watu wa safu mbili waligeuka.

Nje, kwenye ngazi, mkewe alimshika mkono. "Haya, baba. Sasa mgeni nyumbani ni wewe peke yako. Ukifika mlangoni upige hodi."

"Na sisi tutafikiri kama tukufungulie," alisema mjukuu.

"Nitapiga," alisema mzee. "Mkichelewa nitapiga tena."

Wakashuka ngazi pamoja, yeye katikati.