Nusu ya Kichwa Angani

Watu walimwita Chapchap, na jina hilo hakuliokota njiani. Msusi huyu akikushika kichwa asubuhi, mchana unarudi kwako umependeza na umbea wa mtaa mzima umeubeba bure. Kosa lake siku ile halikuwa la mikono, lilikuwa la mahesabu. Basi la kwenda kwa wakwe hutoka alfajiri likaingia jua linazama. Kwa hiyo alijisemea: ndege ni ndege, lakini umbali ule haikosi kula asubuhi nzima. Akamsuka mdogo wake, bibi harusi, upande mmoja tu, wakakimbilia uwanjani. "Uliobaki tutaumalizia huko juu, kwa raha zetu."

Ndege iliponyanyuka, mhudumu akatangaza: safari ni dakika arobaini.

"Arobaini?" Chapchap akaropoka. "Na zile nyingine ziko wapi?"

"Ndiyo zote, dada," mhudumu akacheka. "Sisi hatuzunguki milima wala hatusimami stendi."

Bibi harusi akajishika kichwa. Kulia, misuko myembamba imelala kama imechorwa. Kushoto, nywele zimesimama kama zimesikia mwizi. "Dada, umeniua! Shangazi yake ananisubiri na mpiga picha!"

Shangazi huyo wa bwana harusi alikuwa na jicho la kuona uzi uliolegea kwenye shuka la jirani. Kumfunga bibi harusi kitambaa? Angekifungua mwenyewe, eti amwone mkwe wake vizuri. Kesho yake mji mzima ungejua: tumeletewa mke nusu.

Chapchap akasimama katikati ya viti, kitana mkononi. "Jamani, abiria wenzangu! Nani anajua kusuka?"

Mama mmoja wa suti akavua saa, akapandisha mikono ya koti. Akafuata fundi friji, baba mzima na ndevu zake. "Nina mabinti wanne, na mama yao anawahi kazini. Leta."

Weh! Vidole vikapishana kichwani kama siafu. Waliokaa mbali wakatenganisha nywele za kuongezea na kuzipitisha kiti kwa kiti, huku wakiuliza bwana harusi ni mtoto wa nani.

Rubani akasikika: "Upepo unatusukuma, tutawahi kufika."

"Mwambieni apunguze!" Chapchap akafoka. "Anawahi wapi?"

Taa za mikanda zikawaka, mhudumu akawarudisha wote vitini. Kisogo bado! Ndipo rubani akasikika tena, sauti ya unyonge: "Samahani sana. Kuna ndege mbele yetu, itabidi tuzunguke kidogo."

Ndege nzima ikalipuka kwa makofi. Maskini rubani, aliyezoea kusonywa, akauliza, "Kuna nini huko nyuma?"

"Wewe zungusha tu, kaka!" fundi friji akamjibu, amenyoosha mikono juu ya kiti cha mbele, anasuka.

Walitua umebaki msuko mmoja. Chapchap akateremka ngazi nyuma ya mdogo wake, kaung'ang'ania, anasuka huku anatembea. Mlangoni, uso kwa uso na shangazi.

Shangazi akakizunguka kile kichwa. "Huu mnene kama kamba ya ng'ombe kasuka nani?"

"Fundi friji," Chapchap akanong'ona.

Shangazi akaangua kicheko mpaka akamwegemea mpiga picha. Akapangusa machozi, akaweka mkoba chini.

"Hebu sogea, msusi. Watu wa ndege nzima wamemsuka mke wetu, sisi wenyewe tubaki watazamaji?" Akaupokea ule msuko, akaumalizia mwenyewe.

Chapchap, kwa mara ya kwanza maishani, akaachia kichwa cha mtu bila kubisha.