Tone la Maziwa Lapiga Hodi

Usiku wa jana niliota, na wala sikuwa nimeshiba kupita kiasi, kwamba nimekaa karakanani kwangu Lushoto nikibishana na kisahani cha kengele.

Kisahani hicho, kile kibati chembamba kinachotoa mlio, niliking'oa kwenye simu mbovu nikakiunganisha kwa nyaya na flashi ya kamera. Kazi yake ni moja tu: kusikia tone la maziwa likigonga sinia, kisha kuwasha flashi. Baba yangu aliuza maziwa kwa baiskeli miaka thelathini, na miaka yote hiyo aliwaambia watu kuwa tone likianguka kwenye maziwa huvaa taji. Walimcheka. Sasa macho yake yanafifia, nami nataka alione taji hilo angali anaona.

Tatizo ni Baba mwenyewe. Ana adabu iliyopitiliza. Hupiga hodi hata mlango ukiwa wazi, na kila hodi yake huwasha flashi kabla tone halijaanguka. Nina picha hamsini na tatu za maziwa yaliyotulia. Juzi nilimfokea. Tangu hapo hajaja, na roho inaniuma.

"Mbona huwashi flashi?" nakiuliza kisahani.

"Nani kapiga hodi?"

"Tone limeanguka!"

"Limeingia kimya kimya kama mwizi. Mimi nimelelewa na mzee. Umemfukuza, sasa nimsikilize nani?"

Sinia linapanuka, na mara niko kituo cha kukusanyia maziwa, nimevaa mabuti ya mpira. Matone yamepanga foleni, kila moja na kidumu chake. Hakuna linalosukuma mwenzake.

Anaingia bwana mmoja anahema.

"Samahani, nimechelewa."

"Kiasi gani?" anauliza karani.

"Sehemu hamsini kati ya elfu moja za sekunde."

"Basi umewahi. Keti."

Ndiye niliyemtafuta wiki nzima: ule muda mdogo unaotakiwa kupita kati ya sauti na mwanga. Nampisha kiti changu, naye anashukuru.

Tone la mbele linakohoa kidogo. "Hodi," linasema, kwa sauti ya Baba kabisa.

Kisahani kinanigeukia. "Mwenye nyumba ni wewe."

"Karibu," nasema. "Karibu, Baba. Nisamehe."

Tone linaruka, linatua, linavaa taji. Kisha linavunja ncha moja ya taji na kunikabidhi. "Hii ya mzee. Mwambie hakusema uongo."

Baiskeli ya Baba, aliyoiuza zamani, imeegemea ukuta, na kofia yake imetundikwa kwenye usukani. Naibandika ile ncha juu ya kofia. Inakaa vizuri.

Nikaamshwa na sauti nje ya mlango. Kumbe usingizi ulinipitia palepale karakanani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, kamera imeachwa wazi gizani ikisubiri flashi, bomba la sindano bado linadondosha maziwa kwenye sinia, moja moja.

"Hodi," Baba alinong'ona. Alikuwa amesimama mbali, karibu na ua. "Nasema polepole, Mwantumu, nisije nikakuharibia tena."

Nusura nilie. "Karibu, Baba! Piga hodi kwa nguvu zako zote!"

"Hodiii!"

Flashi ikawaka.

Nikamletea kamera. Aliisogeza hadi ikakaribia kugusa pua yake. Taji lilikuwa pale, jeupe, limesimama wima. Lilikosa ncha moja.

"Si niliwaambia?" akasema. "Si niliwaambia mimi?"

Akavua kofia afute machozi. Baba hajashika maziwa tangu auze baiskeli. Lakini juu ya kofia ile palikuwa na tone moja jeupe, na nilipoligusa, lilikuwa bado bichi.