Sauti ya Mbele

Apolline alisimama mstari wa mbele, amevaa kitenge cha chama. Chini ya kitenge alikuwa amejifunga kitambaa cha zamani, cha tatu tangu asubuhi. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Jua la saa tano lilichoma uwanja wa mpira wa Kadutu, na mgeni wa kutoka Kinshasa, aliyengojwa tangu saa mbili, hakuwa ametokea.

Alimwendea Mushagalusa, mkuu wa kikundi cha nyimbo za chama kiwandani kwao, aliyekaa kivulini na filimbi shingoni.

"Papa, damu inatoka. Infirmier wa dispensari ameandika karatasi, anasema nilale."

"Papa ni nani? Sisi wote ni raia, sema citoyen." Aliisoma karatasi polepole. "Na huyu Apolline ni nani? Majina ya wazungu tulishatupa."

"Ni mimi, citoyen."

"Signature ya bwana yako iko wapi?"

"Bwana iko Kamituga, mu machimbo ya dhahabu. Miezi mine sijamuona."

"Basi. Mwanamuke wa ndoa hapewi congé ya kupumzika bila ruhusa ya bwana. Ni sheria."

"Na kucheza? Kila siku munanichezesha mbele ya wanaume. Mbona hapo hamukumuuliza bwana?"

Wanawake wa kikundi walicheka. Mushagalusa alisimama.

"Kucheza ni kazi ya taifa. Unataka kesho wafute jina lako kwenye kiwanda? Wewe ndiye sauti. Ukilala, nani ataanzisha wimbo? Mimi?"

"Jaribu, citoyen," Eulalie alisema kutoka mstari wa pili. "Hata wewe uko na tumbo."

Mushagalusa akapuliza filimbi. Apolline alikuwa na watoto wawili waliokula kwa kazi yake ya kiwanda cha sabuni. Akarudi mahali pake.

Magari yalifika saa saba, vioo vimefungwa. Apolline akaanzisha wimbo wa kumshukuru Kiongozi kwa kumwinua mwanamke. Kwenye ubeti wa pili kiuno kilikataa. Alishika tumbo, akapiga magoti, akaanguka ubavu. Eulalie akamwinamia.

"Hapana kuacha!" Mushagalusa alifoka. "Mbele kumebaki wazi! Wewe, ingia!"

Eulalie alimtazama Apolline, akamtazama Mushagalusa. Akaingia.

Kutoka chini Apolline aliona miguu tu, ikienda mbele na kurudi nyuma, sawasawa na alivyoifundisha yeye. Magari yalikuwa yameshapita. "Mama ameinuliwa," waliimba, na kisigino cha Eulalie kilikanyaga vumbi lililolowa damu, kikainuka chekundu, kikakanyaga tena.