Kola ya Rangi ya Chungwa

Mkuu wa shule aliingia dukani kwetu bila hodi, akabwaga gunia la mashati juu ya meza ya kukatia, juu ya gauni la mteja nililokuwa nimeshalipiga pasi. Kwapani alibana kitambaa cha rangi ya chungwa, ile inayoumiza macho.

"Mama, nina kazi ndogo," alimwambia Shangazi. "Toa kola nyeupe, weka za hiki kitambaa. Nazitaka Jumatatu asubuhi, kabla wanafunzi hawajatawanyika mstarini."

"Za timu ya mpira?"

"Hapana. Za wale wa banda la nyuma. Wakaguzi wanakuja. Hawa wakichanganyika na wenzao, mkaguzi anaweza kumsimamisha yeyote akamuuliza swali, tukaaibika. Sasa walimu wawaone kwa mbali, wawapitishe kwingine." Akacheka. "Kola tu, mama. Siwakati masikio."

Shangazi naye akacheka, kicheko cha mtu anayeshona sare za shule nzima. Mimi nilikuwa nyuma ya cherehani, macho yangu kwenye pedeli. Mbele ya watu huwa sisemi, na watu hudhani sina la kusema. Siku ile nilikuwa nalo.

Shati lililokuwa juu kabisa gunini lilikuwa la mdogo wangu. Nililijua kwa kiraka cha kwapani, nilikitia mwenyewe.

Mdogo wangu tunamwita Chiriku. Alianza kuongea kabla ya kutembea na hakunyamaza tena mpaka alipoingia sekondari. Kule walirundikwa darasa moja hadi wengine wakakalia madirisha, na mwalimu wa hesabu alikuwa akirudisha karatasi kwa kuanzia na aliyeshika mkia, darasa zima likimpigia makofi. Chiriku alipigiwa makofi hayo mara nyingi. Akawa akirudi nyumbani anakula, analala. Shangazi alisema afadhali, nyumba imepoa. Mimi nilijua kinachofuata. Mimi mwenyewe niliacha shule ya msingi bila kumaliza, nilipochoka kukalishwa kwenye safu ambayo mwalimu aliiita safu ya mizigo.

Halafu shule ikafungua darasa la pembeni kwa walioachwa nyuma. Walipewa stoo ya zamani ya madawati, nyuma ya vyoo, isiyo na mlango, ndilo hilo banda la nyuma, na mwalimu mmoja mwanamke ambaye wanafunzi walimbatiza Bi Taratibu. Nilidhani wametupwa. Lakini Bi Taratibu hakuwa na haraka na mtu. Somo likikataa, alirudi nalo nyuma mpaka pale lilipompotea mtoto, hata kama ni darasa la tatu la msingi. Aliyeelewa alimfundisha mwenzake, na aliyefundishwa aliruhusiwa kubisha. Muda si mrefu Chiriku akaanza kutufuata jikoni, akimweleza Shangazi jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, Shangazi na tonge mkononi.

"We mtoto, hebu niache nile!"

Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ulikuwa mwaka huohuo, na sasa aliutaja kama kitu chake.

Jana yake alikuwa ameondoka na shati lake la pili, amelikunja vizuri. "Dada, tunawekewa nembo! Na sisi tunawekewa nembo kama wale wengine!"

Nembo. Ndivyo walivyowaambia.

Jioni ya siku ile aliyokuja mkuu, Chiriku alisimama mlangoni, akakitazama kitambaa, kisha shati lake.

"Dada, hii nini?"

Nilitia uzi sindanoni. Sindano ile ilikuwa na uzi tayari.

"Kola mpya," Shangazi alijibu. "Rangi nzuri, itakutoa."

"Ya wote?"

"Ya kwenu."

Chiriku hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Sivai."

"Utavaa."

"Basi sirudi. Mtihani wenyewe siutaki. Nitakaa hapa nitie uzi sindanoni kama Dada."

"Na hapa nani atakulisha?" Shangazi akafoka. "Kazi ya shule hii ndiyo inayotulisha, wewe na huyo dada yako bubu! Tunashona!"

Tulishona. Nilishona kwa hasira hadi nikavunja sindano, nikaweka nyingine, nikaivunja hiyo pia. Shangazi ana sheria moja pale dukani: chochote ulichokitoa kwenye nguo ya mtu, kifungo, zipu iliyokufa, kipande cha pindo, kitie mfukoni mwa nguo hiyohiyo, mwenyewe asije akasema umemwibia. Kwa hiyo kila kola nyeupe niliyoifumua niliikunja nikaitia mfukoni mwa shati lake. Nilifanya hivyo bila kufikiri, mkono umezoea.

Jumatatu Shangazi alinituma nipeleke. Chiriku alinifuata na gauni lake la nyumbani.

"Nakusindikiza mpaka getini tu," alisema. "Siingii."

Shule nzima ilikuwa mstarini. Mkuu alinipokea gunia bila kunitazama, akashika kipaza sauti. "Wa banda la nyuma, njooni mchukue mashati yenu!"

Walikuja wanakimbia. Hilo ndilo siwezi kulisahau, kwamba walikimbia. Walikuwa wanaifuata nembo yao. Kijana wa kwanza, mrefu, alilikunjua shati lake mbele ya wote, na kicheko kikatoka mstari wa mbele kikaenda hadi nyuma.

"Machungwa!" mmoja akapaza sauti. "Wanauzaje machungwa hapo?"

Bi Taratibu alitoka pembeni. "Mkuu, uliniambia nembo."

"Si ndiyo hiyo?" Mkuu alijibu kwenye kipaza sauti, na wakacheka tena, safari hii na walimu.

Yule kijana mrefu alibaki ameshika shati kwa ncha za vidole, kama kitu kilichookotwa. Niligeuka getini. Chiriku alikuwa ameshageuza mgongo, anaondoka.

Nilitamani kumtukana yule mzee matusi yote ninayoyajua, na sauti haikuja. Basi nikalivuta shati la mdogo wangu kutoka gunini, nikakaa kwenye kibaraza cha mlingoti wa bendera, nikatoa wembe kwenye pochi ya kazi, nikakata uzi wa kwanza wa ile kola.

"Wewe fundi! Unafanya nini?"

"Nafumua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Nilishona mimi." Sauti yangu ilikuwa ndogo hadi wa mbele wakaacha kucheka wapate kusikia. "Nafumua mimi."

"Sare zangu zote nampa fundi mwingine! Kamwambie shangazi yako!"

Niliendelea. Kola ilitoka, nikaitupa chini, miguuni pake. Yule kijana mrefu akaja akanipa shati lake. Nyuma yake akaja msichana na la kwake. Halafu mkono ukaingia pochini mwangu ukatoa wembe wa pili.

"Kola nyeupe ziko wapi?" Chiriku aliuliza, anahema. Alikuwa amerudi mbio, gauni limejaa vumbi.

"Mfukoni."

Aliingiza vidole mfukoni mwa shati lake, akaivuta ile kola, akaiinua juu mstari mzima uione. "Zipo!" akapiga kelele. "Jamani, zetu zipo!"

"Asiye na kola haingii darasani!" Mkuu alikuwa ameshaacha kipaza sauti.

"Darasa langu halina mlango," Bi Taratibu akamjibu. "Nimekuomba mlango mpaka nimechoka. Sasa utawazuilia wapi? Na majina yao ya mtihani yalishapelekwa, huwezi kuyarudisha. Ulichotaka ni wakate tamaa wenyewe, wasikuharibie matokeo ya shule." Akawageukia. "Twendeni."

Nilikaa stoo ile mpaka mchana, kwenye dawati bovu, nikirudishia kola kwa sindano ya mkono, shati moja baada ya jingine, huku wanaongoja zamu wakisoma wamevaa mashati yasiyo na kola. Bi Taratibu alifundisha kama siku nyingine. Chiriku, na gauni lake la nyumbani, alibisha kila kitu. Mkuu alipita dirishani na wale wakaguzi kwa mwendo wa haraka, akiwaonyesha bustani. Hasira haikunitoka. Nilijichoma vidole, na kila nikijichoma nilimtaja yeye.

Niliporudi, Shangazi alikuwa ameshapata habari. "Umeniulia kazi," alisema, na hakusema nami tena siku ile. Sikumwomba radhi. Chakula tulikula kimya, isipokuwa mmoja wetu.

Asubuhi nilipoingia dukani nilikikuta kitambaa cha rangi ya chungwa kilichobaki. Shangazi alikuwa amekikata vipande, akivitumia kufutia mafuta ya cherehani. Hakuinua macho.

Chiriku alipita na mkoba begani, mdomo umejaa mkate na maneno, akasimama mbele ya kioo cha wateja.

"Dada, hii kola yangu umeipinda."

"Nenda nayo hivyohivyo," nilimwambia. "Nilikuwa na hasira."