Angalia kwa Macho, Mikono Iache Getini

Nililala jana nikaota nimekwenda kulitazama gari la magurudumu matatu, na getini wakaniambia niache mikono.

Kabla sijaendelea, niseme ambayo si ya ndoto. Gari hilo lipo. Limeundwa na chuo kimoja cha hapa Morogoro, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na ubavuni limeandikwa MFANO NA. 1, maana ni la kujaribia na la pili bado halijaundwa. Viti vyake nimeshona mimi, Tabu Mkude, fundi wa makava ya viti, mkazi wa Mafiga. Nilishona siku kumi na moja. Mhandisi Gombera alikuwa na mchoro wa kila kitu, lakini kiti kilimshinda, kwa sababu gari lile ni jembamba mbele na pana nyuma, na kila alichokipima kilitoka kimekunjamana. Nikamwambia aweke futi yake mfukoni. Nikaweka sponji, nikaikalia mwenyewe, nikakata, nikaikalia tena, mpaka kiti kikakubali.

Jana mchana nililifuata kwenye uwanja wa maonesho, nikiwa na wifi yangu Mwamini, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa naye. Anaitwa Mwamini lakini haamini kitu. Tangu mwezi wa tano namwambia viti vya lile gari nimeshona mimi, naye hunijibu, "Sawa, wifi," kwa sauti ile anayowajibia watoto na walevi. Tulipofika tukakuta bango la waliofanikisha. Yumo hata aliyeleta maji ya kunywa. Mimi simo. Nikanyoosha mkono nimwonyeshe Mwamini mshono wangu, mlinzi akasema, "Mama, angalia kwa macho, usiangalie kwa mikono." Mhandisi Gombera alikuwa amesimama hatua tatu tu. Akanitazama usoni, akasema, "Karibuni sana, wananchi."

Nilirudi nyumbani nikashindwa hata kula. Hayo ndiyo niliyolala nayo.

Basi getini pana kaunta ya mbao, kama zile za kuachia mabegi dukani. Nyuma yake amesimama mhudumu asiye na mikono.

"Mikono," anasema.

"Ya nini?"

"Bango linasema uangalie kwa macho. Mikono inakaa hapa."

"Sheria hiyo imeanza lini?"

"Jana. Kuna mama mmoja wa Mafiga alitaka kugusa."

Nikaona nisibishane na mtu aliye kazini. Mkono wa kulia niliuvua kwa wa kushoto. Wa kushoto aliuvua yeye kwa meno, kwa adabu kabisa, akaufuta kwa shavu lake. Rafuni kwake mikono ilikuwa imepangwa mpaka darini, jozi kwa jozi, yote imelala.

"Mikono mingi," akasema mhudumu, "kazi haba."

Akanipa kipande cha bati chenye namba 41, nikakitia shavuni. Karibu na mikono yangu palikuwa na jozi namba 14, laini, kucha zimekatwa vizuri, wa kushoto umevaa saa. Sikuuliza ni ya nani. Ningeuliza, labda mengine yasingetokea.

Gari lilikuwa limezungushiwa kamba. Kila nikipiga hatua kulisogelea, kamba nayo inasogea.

"Mwisho wa wananchi ni hapa," ikasema kamba. "Nimefungwa na wakubwa."

"Aliyefungwa ni wewe," nikaijibu. "Mimi nipishe."

Kamba ikafikiri. Nadhani ilikuwa haijaliona jambo hilo kwa upande huo. "Unatoka wapi?" ikaniuliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Mafiga."

"Mangapi?"

"Matatu."

Kamba ikageuka, ikahesabu magurudumu ya gari, ikaona hesabu inalingana. "Yanatosha kuinjika chungu," ikasema. "Pita." Na kweli, juu ya paa la gari palikuwa na chungu cha maharage kinachemka, na hakuna aliyeshangaa.

Nikafika. Kwa mara ya kwanza tangu waliondoe karakanani, nipo karibu nalo mpaka naiona pumzi yangu kwenye kioo chake. Viti vyangu vimo ndani, vimenyooka, havina kunyanzi hata moja. Nilitaka kulia, lakini sikuwa na cha kujifutia.

"Kwa mfano," likasema gari, "wewe ni Tabu."

"Si kwa mfano. Ni mimi hasa."

"Samahani. Mimi ni mfano, siwezi kusema kwa namna nyingine."

"Umenijuaje?"

"Kwa mfano, uso wako siukumbuki. Nakujua kwa upande mwingine. Ulinikalia siku kumi na moja."

Nikaona huyu angalau ana shukrani. Nikalieleza habari ya bango, ya maji ya kunywa na ya wifi yangu. Nikaliambia kwamba sitaki sherehe wala sitaki kuitwa jukwaani, nataka jina langu liandikwe mahali ambapo mtu mwenye macho ataliona, ili nikisema nimeshona nisijibiwe kama mlevi.

"Kwa mfano," likasema gari, "chini ya mlango wangu kuna kibao kitupu. Mkono ulionifanyia kazi ukikigusa, jina la mwenyewe linajiandika. Kibao kinafungwa saa kumi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Kwa mfano, saa kumi kasoro robo."

Nikakimbia kufuata mikono yangu. Uwanja ukawa korido ya chuo, korido ikawa chumba changu cha cherehani, na ile kaunta nikaikuta imekaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Nikatema bati. Mhudumu akaliinamia, akalisoma.

"Arobaini na moja imeshatoka."

"Imetoka na nani?"

"Na Mhandisi Gombera. Yake ni kumi na nne. Alisema tarakimu ni zile zile, zimegeuka tu. Akachukua yenye kazi."

"Na wewe ukampa?"

"Alinisalimia vizuri."

Damu ilinichemka. Nimewahi kuibiwa kanga kwenye kamba ya kuanikia, nimewahi kupokwa zamu yangu bombani nikiwa nimesimama hapo hapo na ndoo, lakini mikono nilikuwa sijaibiwa. Nikamwambia mhudumu huo ni wizi. Akasema yeye hana mkono katika jambo hilo. Nikamtazama mabegani, nikaona hata kumgombeza siwezi.

Akanivalisha namba 14 kwa meno. Ilinipwaya kidogo, na ilinukia losheni. Nikaiagiza isukume mlango, ikausaini. Nikaiagiza ifukuze nzi, ikampa nzi mkono, ikamuuliza hali ya nyumbani. Jamani, mikono ile haikujua kitu. Ilijua kusaini, kusalimiana na kupunga, na ilivifanya vyote kwa kujiamini.

Nafika lilipo gari, jukwaa limeshajengwa ndani ya chumba changu. Wageni waalikwa wamekalia sponji zangu bila kuvua viatu. Mgeni rasmi ni mama mnene aliyevaa miwani mbili, moja ya kuonea na nyingine ya kuonekana. Mbele yake amesimama Mhandisi Gombera na suti ya kijivu, na kwenye mikono ya suti hiyo imechomoza mikono yangu. Makovu yangu tisa ya sindano nayaona. Sugu ya kidole cha mkasi naiona. Ameinyanyua juu ili kila mtu aione.

"Ndugu mgeni rasmi," anasema, "sugu hizi nimezipata kwa ajili ya viti hivi."

Nafungua kinywa nimwite mwongo. Mikono yake, iliyo mwilini mwangu, inampigia makofi.

Naizuia, haizuiliki. Kila ninapopaza sauti, nayo inazidi kupiga, wageni wanafuata, na ukweli wangu unazama kwenye makofi yangu mwenyewe. Nimeudhika mara nyingi maishani, lakini ile ilikuwa ya peke yake. Shukrani ya punda ni mateke, hilo nalijua tangu utoto. Ila nilikuwa sijamwona punda anayekupiga teke kisha anakutaka umshangilie.

Sasa, mikono yangu ina tabia moja. Ikiona mshono mbaya haivumilii. Nimeshafumua pindo la mtu msibani bila kujijua. Na suti ile, ingawa ilikuwa ya bei mbaya, begani ilikuwa imeshonwa ovyo ovyo.

Mkono wa kulia ukapanda begani kwa Mhandisi taratibu. Ukatafuta ncha ya uzi, ukavuta. Mkono mmoja wa koti ukashuka chini.

"Tulikumbana na changamoto," anasoma Mhandisi, akijifanya haoni.

Wa pili ukashuka. Ikafuata kola, mfuko, mgongo. Mikono yangu haitupi kitambaa, kwa hiyo kila kipande ilikikunja vizuri na kumpakatisha mgeni rasmi. Yeye akapokea, akidhani ni zawadi. Mhandisi alipofika kwenye "kwa kumalizia", amebaki na singlendi, kaptula na tai, na tai nayo imeshaanza kufunguka kwenye mshono wa nyuma.

Kisha mikono ikageuka yenyewe na kumvuta Mhandisi kuelekea garini, visigino vyake vikiburuzika. Ikaweka viganja vyote viwili kwenye kibao. Herufi zikatokea moja moja, mbele ya kila mtu: VITI, TABU MKUDE, FUNDI.

Makofi yakakatika. Maharage peke yake ndiyo yaliyoendelea kuchemka.

Mgeni rasmi akasoma kwa miwani ya kuonea. "Tabu ni nani?" akauliza.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu mwezi wa tano. Nikanyoosha mkono. Lakini mkono wa Mhandisi haukuwahi kuomba nafasi ya kusema, kazi yake ni kupunga, basi ukapunga. Mgeni rasmi akanipungia naye, akatabasamu.

"Karibuni sana, wananchi," akasema.

Gari likapiga honi. "Kwa mfano," likapaza sauti, "ni yule pale."

"Kwa mfano tu," akasema mgeni rasmi, akafurahi, akafungua ukurasa mwingine wa ratiba. Hapo hapo saa kumi ikalia kwenye mkono wangu wa kuazima, na mhudumu akaanza kuita, "Mikono irudi! Kila mtu na yake!" Watu wakavamiana. Mtu akaning'ata kifundo cha mkono, nikavuta, akavuta, nikaamka.

Kumeshakucha. Mwamini amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananiuliza nilikuwa namgombeza nani.

Kwanza nikahesabu. Mikono miwili. Makovu tisa. Sugu ipo mahali pake. Ndipo nikamsimulia ndoto yote, kuanzia getini. Nilipofika kwenye kaptula ikabidi aweke kikombe chini kwa kucheka.

"Cheka," nikamwambia. "Na hii je?" Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na uzi wa kijivu, na mimi mwezi mzima sijagusa kitambaa cha kijivu.

"Wifi, wewe ni fundi," akasema. "Ulitaka ukutwe na nini kuchani, magamba ya samaki?"

Ndiyo mara ya kwanza kuniita fundi, na ameniita ili anikatalie. Nikanyoosha mkono wa kushoto nichukue chai yangu kabla haijapoa. Mkono wa gauni ukapanda, na Mwamini akaacha kucheka.

Kwenye kifundo cha mkono nilikuwa na mstari wa ngozi nyeupe, umezunguka kote, na juu yake duara, kama wa mtu aliyevaa saa miaka kumi juani. Mimi sijavaa saa tangu nizaliwe. Mwamini anajua hilo kuliko mtu yeyote, maana kila siku ni yeye ninayemuuliza saa ngapi.

Akausugua kwa kidole. Akatia mate, akasugua tena. Haukutoka. Akakaa kitandani, akanitazama mkono, akanitazama usoni.

"Kwa hiyo vile viti," akasema polepole, "kumbe kweli ulishona wewe."

Nikanywa chai yangu. Miezi mitatu nimemwambia kwa kinywa changu mwenyewe, hakuamini, na leo ameiamini saa ya Mhandisi.