Farasi wa Kijani

Jamani, watu wazima wenye akili zao, wengine wana wake na watoto, walikuwa wanamtukana mdogo wangu kwa ajili ya rangi ya farasi. Tena farasi mwenyewe si wa kweli, ni wa kwenye gemu. Mimi nilikuwa saluni, vidole vimo ndani ya nywele za mteja, simu nimeiegemeza kwenye kioo, nasoma matusi huku nasuka. Mstari mmoja ukaenda kombo. Mteja akauliza, "Dada, kuna usalama?" Nikamwambia hakuna.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiwa na hasira huwa naanzia katikati.

Huyo mdogo wangu ni binamu, mtoto wa mjomba, lakini tumelala kitanda kimoja tangu mama yake alipofariki, kwa hiyo hayo ya binamu tunawaachia watu wa nje. Tunamwita Jaji. Kazi yake ni kuhakiki gemu: anapewa gemu mpya, anaicheza hadi mwisho, halafu anaandika kwenye tovuti moja kubwa kama inafaa au haifai, na anaipa maksi juu ya kumi. Ndiyo, kuna watu wanalipwa kwa hilo. Mama yangu hadi leo haamini.

Sasa mwaka huu wametoa upya gemu ya zamani, ileile tuliyokua nayo. Jina lake ni refu, la kigeni, hakuna kati yetu aliyeweza kulitamka. Sisi tuliiita Farasi, basi. Ndani yake kuna mpanda farasi anayevuka bonde na milima kwenda kufunga lango wanakotokea maadui. Wameitengeneza upya yote, picha safi, hata majani unaweza kuyahesabu. Mashabiki wakashangilia. Jaji akaipa maksi nne.

Nne! Aliandika kwamba mapigano yake ni mazito kama kufua blanketi. Sawa, hilo wangelimeza. Kilichowasha moto ni pale aliposema watengenezaji wameisaliti gemu ya asili, kwa sababu farasi alikuwa wa kijani na wao wamemfanya wa kahawia, farasi wa kawaida tu wa kubeba mizigo. Na bendera za maadui zilikuwa nyeusi, wao wamezigeuza nyekundu kama mapazia ya hoteli.

Looo! Wakamvaa. "Hujawahi kuicheza hata siku moja." "Muongo mkubwa wewe." "Nani kampa huyu mwanamke kazi?" Mmoja anajiita Upanga wa Haki, picha yake ni paka, aliandika maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Na mimi nikamjibu kwa maneno ambayo pia siwezi kuyarudia. Wakaleta picha za gemu ya zamani, farasi wa kahawia. Nikawaambia hizo mmezichezea, siku hizi kompyuta inaweza kumvalisha hata ng'ombe suruali. Nikawajibu mmoja baada ya mwingine, mpaka mteja akasema kwa upole, "Dada, nina nusu kichwa, na harusi ni leo."

Ningeachaje? Mimi nilijua! Farasi alikuwa wa kijani, kijani cha nyasi baada ya mvua. Nilimpanda mwenyewe.

Tulikuwa tunachezea kwenye kibanda cha mjomba. Kilikuwa na TV moja ya kichogo, zile nzito zenye mgongo mrefu, benchi mbili, na blanketi kuukuu mlangoni la kuzuia jua. Ndani kulinuka vumbi la moto na jasho la watoto. Waya wa pedi ulikuwa umefungwa plasta ya kidonda, na kitufe cha kuruka hakikukubali mpaka ukibonyeze kwa kidole gumba na dua. Jaji alikuwa mdogo kiasi kwamba miguu haikufika chini. Zamu za kucheza zililipiwa, na yeye hakupewa hata moja, maana mtoto wa mwenye duka hali bidhaa. Yeye alikaa na saa ya mezani mapajani, akitazama picha na kutazama mshale. Muda ukiisha anapaza sauti, "Imetosha!" Hakujali wewe ni nani. Siku moja nimefika langoni kabisa, upanga juu, akanikatia. Nikamwambia tutaonana nyumbani. Akasema, "Nyumbani ni nyumbani. Anayefuata!" Ndipo jina la Jaji likamganda.

Mjomba naye alikuwa na sheria moja tu: hapa mpira hauonyeshwi. Watu wazima walikuja kumbembeleza siku za mechi, wakaahidi kujaza kibanda hadi nje, na yeye akawa mkali kama pilipili. "Hapa ni gemu. Mpira katazameni kwenu." Wakaenda ng'ambo ya barabara. Sisi watoto tulidhani hapendi mpira, tukamwona mtu wa ajabu kidogo, lakini wetu.

Basi. Jioni ileile ya harusi ya mteja wangu, Jaji akanipigia. Sauti ilikuwa imekauka.

"Dada, wewe si unakumbuka? Alikuwa wa kijani?"

"Wa kijani tena sana. Usibabaike. Debe tupu haliachi kuvuma."

Akaniambia mhariri wake amempa mpaka Jumatatu. Aandike kwamba amekosea kote, aipandishe gemu hadi maksi nane, la sivyo ukurasa wake atapewa mwingine. "Na mimi siwezi kuandika kwamba sikuona nilichokiona," akasema. "Nikiandika hivyo mara moja, nani ataniamini tena?"

Nikamwambia aje nyumbani Jumapili. Shahidi tunaye. Mwenye TV yuko hai, anakula na kupiga chafya.

Jumapili mchana nikatangulia kwa mjomba. Amezeeka, anatembea kwa kushikashika fanicha, lakini suruali bado ina mstari wa pasi. Sebuleni kwake ile TV ya kichogo haijaenda popote. Imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake imekaa TV mpya nyembamba, kama mtoto aliyebebwa mabegani. Nikamweleza yote, nikamkalisha kwenye kiti, nikamnyooshea simu. "Mjomba, sema tu kwamba kwenye gemu yako farasi alikuwa wa kijani. Nakurekodi. Nataka nimfunge mdomo yule paka."

Akafunga kifungo cha shati. Akakohoa. Kisha akasema, "Zima hiyo."

"Mbona, mjomba?"

"Zima, mwanangu. Farasi alikuwa wa kahawia."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaeleza taratibu, macho kwenye kitambaa, kwamba ile TV aliinunua kwa fundi ikiwa imetumika, na alipoifikisha nyumbani akagundua rangi nyekundu imekufa ndani yake. Nyekundu ikifa, kahawia inabaki kijani, na chochote chekundu kinakuwa cheusi. Ndiyo maana bendera. Ndiyo maana kila kitu.

"Na mpira?" nikauliza, maana akili ilikuwa inakimbia mbele yangu.

"Ningeuonyeshaje? Timu nyekundu ingeingia uwanjani imevaa nyeusi. Na refa naye huvaa nyeusi, nani angemtofautisha?"

Nyumbani kwetu hatukuwa na TV. Nyuso za watu kwenye ile gemu zilikuwa za kijani, na sisi tulidhani wamechoka na safari. Ala! Hasira zilinipanda hadi masikioni. "Mjomba, mtoto wako anatukanwa na dunia nzima! Kwa nini hukuitengeneza? Fundi si alikuwa palepale?"

"Alikuja," akasema. "Alikuja na vyombo vyake."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Baada ya mjomba kumzika mke wake, mtoto wao Jaji hakusema neno. Hakulia, hakuomba maji, hakumwita mtu. Mimi nilikumbuka tu kwamba alikuwa mtoto mkimya. Wiki zikapita. Siku fundi alipokuja, mjomba akawasha TV na gemu ili amwonyeshe ubovu wa rangi. Fundi akageuza kichogo, akaanza kufungua skrubu. Mtoto akamvuta baba yake shati, akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema, "Baba, farasi wa kijani."

"Nikamwambia fundi, funga. Funga, uende zako," mjomba akasema. "Alidhani nimerukwa na akili."

Akanishika mkono, kwa nguvu ambayo sikuijua kama bado anayo. "La ubovu nitamwambia mwenyewe, leo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeshafika. Lakini hilo la maneno yake usimwambie. Akijua niliiacha kwa ajili yake, atajiona yeye ndiye chanzo." Nikaahidi. Mimi mwenye mdomo huu, nikaahidi.

Jaji alifika macho yamevimba, simu imezimwa, ameshika begi lake kifuani. Mjomba hakumngoja hata anywe maji. "Mwanangu, TV yangu ilikuwa mbovu. Farasi ni wa kahawia. Hao wanaokutukana, kwenye rangi wamesema kweli."

Jaji akamtazama, akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa.

"Baba, nimeandika mbele ya ulimwengu mzima," akasema. "Mbele ya ulimwengu mzima, baba." Akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya uani. Nikakaa kando yake. Nilitaka kumwambia tutafute uongo mzuri, maana mimi katika uongo mzuri sijambo, lakini akanizuia kwa mkono.

"Kazi si kitu, dada. Kazi nitapata," akasema. "Unajua mimi sura ya mama siikumbuki? Sauti yake siikumbuki. Ukiniuliza kitu cha kwanza ninachokikumbuka hapa duniani, ni yule farasi anakimbia. Kabla yake ni giza tupu. Niliwaandikia kwa sababu ya huyo. Sasa naambiwa hakuwepo."

Ulimi uliniwasha kama umeguswa na upupu. Nikauma shavu la ndani mpaka nikaonja damu. Nilichoweza kusema ni, "Alikuwepo. Mimi nilimpanda." Akaegemeza kichwa begani kwangu, nikamshikashika nywele, zilikuwa hazijasukwa siku nyingi.

Baada ya muda akawasha simu. Akaandika palepale, nikisoma pembeni: "Farasi ni wa kahawia na bendera ni nyekundu. Nilikosea, na naomba radhi kwa watengenezaji. Niliitazama utotoni kwenye televisheni mbovu. Mapigano bado ni kufua blanketi, na maksi zinabaki nne." Akatuma.

"Nne?" nikamwambia. "Si uiongeze hata moja?"

"Rangi ndiyo niliyokosea. Kwa nini niongope kwenye mapigano?"

Niseme kabisa lisije likanikaa moyoni: Jumatatu ukurasa walimpokonya. Upanga wa Haki aliandika kwamba rangi amekubali, sasa zimebaki maksi tu. Wapo waliomwomba radhi, wachache, na mmoja alieleza kwamba kwao TV ilikosa buluu na amekua akidhani bahari ni nyeusi. Huyo, Jaji alimjibu kwa barua ndefu. Lakini hayo ni ya Jumatatu. Jumapili ile tulikuwa bado uani, jua linaelekea kushuka, na mimi nilikuwa nimechoka kuibeba ile ahadi.

Nikainuka nikaingia ndani. "Mjomba, shika huku." Tukaishusha ile TV nyembamba, tukailaza kwenye kochi. Nikavuta boksi chini ya kitanda chake. Mashine ya gemu ilikuwemo, na pedi, na plasta yake, na sahani ya gemu ikiwa na mikwaruzo yote ninayoijua. Nikaifuta kwa upindo wa gauni, kwa mduara, kama tulivyokuwa tunafanya. Mjomba alichomeka waya. Hakuniruhusu nimsaidie.

"Jaji! Njoo," nikaita.

Akaja akasimama mlangoni. Makochi yapo, lakini alikaa sakafuni, magoti kifuani, karibu na kioo kuliko inavyoruhusiwa. Nikamwekea pedi mikononi. Ikatangulia sauti, ile ngoma ya mbali, kisha kioo kikapata moto polepole. Bonde likaja. Milima ikaja. Kwato zikasikika.

"Baba," Jaji akasema, "farasi wa kijani."

Hakujua alichokisema. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake na kile kitambaa cha kufumwa mkononi. Akajifunika uso wote, mabega yakaanza kumtikisika. Jaji akasikia, akataka kugeuka.

"Usigeuke," nikamwambia. "Tazama mbele. Zamu ni yako."