Bikoni ya Zahanati

Mpima ardhi alipofariki, wanawe wawili waligawana ofisi yake kwa ukuta wa mbao. Kaka alichukua upande wa barabarani, Dada upande wa uani. Walikuwa wa baba mmoja na mama tofauti, na tangu mazishi hawakuiva chungu kimoja. Kila mmoja alijenga mtandao wake, kompyuta za huku zisione za kule. Lakini ramani za marehemu, kazi ya miaka thelathini, hazikugawanyika. Wote wawili walizihitaji. Ndipo wakamwita Binti Shangazi, binamu yao, fundi wa mitandao.

Binti Shangazi alitafuta kompyuta kuukuu, akaichomekea kadi mbili za mtandao, akaiwekea mfumo wa Linux, akaiweka kwenye kabati lililokuwa kati ya vyumba viwili. Waya mmoja ulikwenda kwa Kaka, mwingine kwa Dada. Aliwaeleza kwamba mashine ile ni lango lenye folda moja tu, ya ramani, inayofunguka kutoka pande zote mbili. Mengine yote yamefungwa. Hakuna wa huku atakayefika kule.

Wiki haijaisha, Kaka alimwita pembeni akamwuliza kama hawezi kuacha kaupenyo kadogo, achungulie tu kazi za dada yake. Akakataa. Kesho yake Dada akaja na ombi lile lile. Akakataa pia. Toka hapo kila mmoja akaamini kwamba mwenzake amekubaliwa. Kaka akawa anageuza kioo cha kompyuta kila binamu yake alipopita. Dada alimkaribisha chai, kisha akakaa kumtazama mikono.

Mwezi wa pili mambo yakaharibika. Ramani ya kiwanja cha zahanati, ambayo Kaka alikuwa aichapishe ili uzio ujengwe, ilikutwa na bikoni moja, alama ya zege ya mpaka, iliyosogea mita nne kwa ndani. Nakala ya zamani ya karatasi ilionyesha vingine. Kaka akasema dada yake anataka kumwaibisha kwa wateja. Dada akaapa hajaigusa, akasema huenda Kaka ameisogeza mwenyewe apate wa kumsingizia. Walipochoka kutupiana maneno, wote wawili wakamgeukia fundi.

"Ndumilakuwili wewe," Kaka akasema. "Funguo za lango si unazo wewe?"

Neno lilimchoma Binti Shangazi. Alikaa mbele ya kabati, wao wakiwa wamesimama nyuma yake, akafungua kumbukumbu za lango, mahali mashine inapoandika nani ameingia, ameshika faili gani, saa ngapi. Moyoni alihofu jambo moja: kwamba labda kweli amekosea, ameacha mlango wazi. Akaukuta mstari. Ramani ilibadilishwa Jumanne, saa nne asubuhi, kutoka kompyuta ya Dada.

Kaka akachekea puani. Dada alisema, polepole, kwamba Jumanne hiyo alishinda nje akipima shamba, na mwenye shamba yupo, aulizwe. Halafu akakumbuka amempa nani nenosiri lake.

Alimpa Bi Penseli, mchoraji aliyefanya kazi na marehemu miaka ishirini na sita, na ambaye sasa alichorea kwenye kompyuta ya Dada. Walipomwita hakubisha.

"Ni mimi," alisema. "Baba yenu alikosea tarakimu moja pale, nami nikachora nilivyoambiwa. Nilipomwonyesha, akasema ninyamaze. Sasa mnajenga uzio, na utapita katikati ya jiko la mama wa jirani."

Wakamwuliza kwa nini hakusema wazi. Akawauliza angemwambia nani. Kaka angedhani ametumwa na Dada, na Dada angedhani amenunuliwa na Kaka.

Mchana ule ule wakaenda kiwanjani wote wanne kwa gari la Kaka. Walichimba kwanza pale ramani ya karatasi ilipoonyesha. Udongo mtupu. Wakapima mita nne kwa ndani, wakachimba tena, na jembe likagonga zege la bikoni. Kaka alichuchumaa akaikwaruza kwa ufunguo wa gari, kuona kama haikumwagwa juzi. Ilikuwa imeota ukungu, na mizizi ya kichaka imeizunguka. Mama wa jirani alikuwa mlangoni mwa jiko lake, mwiko mkononi, akiwatazama kwa wasiwasi. Dada ndiye aliyekwenda kumweleza.

Walipokuwa wakirudi Kaka akauliza bila kugeuka, "Ziko ramani nyingine zenye kosa?"

"Mbili," Bi Penseli akasema.

Hakuna aliyemwomba Binti Shangazi radhi. Waliagiza tu kila mtu awe na jina na nenosiri lake, na ramani isibadilishwe bila ile ya mwanzo kuhifadhiwa. Kesho yake Kaka akamnong'oneza akiuliza kama anaweza kutumiwa kumbukumbu za lango kila jioni. Saa moja baadaye Dada akauliza hivyo hivyo. Safari hii Binti Shangazi alikubali, akawajibu wote wawili kwa ujumbe mmoja.

Wiki iliyofuata aliwakuta wamekaa meza moja, daftari la vipimo la baba yao katikati. Kaka alisoma tarakimu kwa sauti, Dada akazifuata kwa kidole, kisha wakabadilishana, kwa kuwa hakuna aliyeyaamini macho ya mwenzake. Bi Penseli alichora walichokubaliana. Kufikia adhuhuri walikuwa wamelipata kosa la pili.